Kawia Ufike: Ukawiaji wa Mtandao kama Fani ya Muziki

Wahenga walinena: kawia ufike. Methali hii tumezoea kuitumia kumwonya mwendesha bodaboda anayekimbiza pikipiki kama mtu aliyetumwa na ajali. Katika makala haya nakusudia kuipeleka mahali pengine kabisa, yaani katika muziki unaopigwa na watu waliotengana, mmoja bara hili na mwingine bara lile, wakiunganishwa na mtandao wa kompyuta. Huenda msomaji akajiuliza jarida la Idara ya Kiswahili lina shughuli gani na nyaya za intaneti. Naomba anivumilie. Suala ninalolijadili ni la fani, na fani ndiyo riziki yetu. Tena nina deni langu binafsi katika jambo hili, ambalo nitalieleza mahali pake.

Kwanza tukubaliane juu ya neno. Sauti inapotoka Kampala kwenda mahali pengine kwa njia ya mtandao, haifiki papo hapo. Muda ule inaoutumia njiani mafundi wetu huutaja kwa Kiingereza, na wanafunzi wakilazimika kutafsiri husema "ucheleweshaji". Sikubaliani na neno hilo. Ucheleweshaji unamhitaji mcheleweshaji, mtu wa kulaumiwa. "Uchelewaji" nao unadai kuwapo kwa saa maalumu iliyokwisha pita, kama mwanafunzi anayeingia darasani saa mbili na robo ilhali kipindi kilianza saa mbili kamili. Sauti iliyo njiani haijamkosea mtu. Inakawia tu, kwa kuwa safari ni safari. Kwa hiyo nitasema "ukawiaji", na msomaji ataona kwamba tofauti hii si mchezo wa wanaistilahi. Ndani yake mna hoja yangu karibu yote.

Ukawiaji huo si jambo geni kwa wanamuziki. Sauti hewani husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34 hivi katika kila milisekunde, na milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Waimbaji wawili wa kwaya waliosimama mita 8 na nusu mmoja mbali na mwenziwe husikiana baada ya milisekunde 25. Kila mpiga ngoma wa harusini amekwisha kuishi na ukawiaji, ila hakupewa jina lake. Kinachobadilika katika mtandao ni kiasi. Nuru ndani ya nyuzi za kioo za mkongo wa mawasiliano husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, California, hadi Beijing ni kilomita 9,500 hivi. Hata mkongo ungelazwa kama uzi uliovutwa, sauti isingefika kabla ya milisekunde 47 au 48. Na mkongo haulazwi hivyo, huzunguka bahari na kupita katika mitambo mingi, kila mtambo ukitoza ushuru wake wa muda. Hakuna fundi, hata awe hodari namna gani, atakayekwenda kasi kuliko nuru. Sehemu hiyo ya ukawiaji ni ya kudumu.

Hapo ndipo swali la kisanaa linapozaliwa. Jambo lisiloondoka tulifanyeje? Tulifiche, tulivumilie, au tulifanyie kazi?

Kabla ya kujibu, yafaa tuelewe linaharibu nini. Chris Chafe na wenzake, kutoka kituo cha muziki na kompyuta cha Stanford kiitwacho CCRMA, waliwaweka watu wawili wawili katika vyumba tofauti visivyopenyeza sauti, wakawavisha visikizi, wakawataka wapige makofi ya kupishana. Hawakuonana. Sauti kati yao ilikawizwa kwa makusudi, kuanzia milisekunde 3 hadi 78, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Ukawiaji ulipokuwa mkubwa, makofi yalipungua kasi, na ulipozidi zaidi yakavurugika. Sababu yake ni rahisi ukiitazama vizuri. Mimi napiga kofi, nakungoja. Wewe unalisikia kofi langu likiwa limekwisha kukawia, unajibu. Jibu lako nalo linanifikia limekawia. Kila mmoja anafikiri mwenziwe anazubaa, naye kwa adabu anapunguza mwendo ili asimwache. Adabu hiyo ya pande mbili ndiyo inayouzamisha wimbo.

Lakini jaribio lilitoa na jambo jingine, nalo ndilo lililonivutia zaidi. Ukawiaji ulipokuwa mdogo mno, mdogo kuliko ule wa watu waliokaa kwa kawaida katika chumba kimoja, wapigaji walianza kukimbizana, mwendo ukapanda. Uthabiti ulipatikana katikati, katika ukawiaji unaofanana na ule wa watu walio mbali kidogo na wenzao, kama wanakikundi jukwaani. Kumbe mwanadamu anahitaji nafasi kidogo kati yake na mwenziwe ili wapatane! Wanaotuuzia intaneti kwa ahadi kwamba umbali "umekufa" wangepaswa kupiga makofi kwanza.

Sasa tuingie katika uhakiki wenyewe. Mwaka 2008, katika kongamano la kimataifa la muziki wa kompyuta lililofanyika Belfast, Juan-Pablo Cáceres na Alain Renaud waliwasilisha makala yanayoutazama ukawiaji kama kifaa cha muziki. Wazo lao ni kwamba mtandao usichukuliwe kuwa bomba la kupitishia sauti tu. Mtandao ni ala, nayo ipigwe. Cáceres ndiye aliyeshirikiana na Chafe kuunda JackTrip, programu inayopeleka sauti safi baina ya kompyuta bila kuifinya, kwa hiyo hakuwa anazungumza kwa nadharia tupu.

Chukua mbinu ya kuufanya mzunguko uwe mapigo. Napiga noti hapa. Inakwenda ng'ambo, inarudishwa, inanifikia tena. Ikiwa safari ya kwenda na kurudi inachukua milisekunde 500, basi kila noti yangu hurudi baada ya nusu sekunde, nami nikiuchukua mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, noti inayorudi hutua sawasawa juu ya noti mpya. Safari ikichukua milisekunde 600, mwendo ni mapigo 100. Mtandao unakuwa mpiga ngoma, na mwanamuziki ndiye anayemfuata. Na ikiwa safari halisi ni milisekunde 380, unaongeza 120 kwa makusudi ili zitimie 500.

Hili la kuongeza, mwalimu yeyote wa ushairi atalitambua. Ni mshairi aliyebakiwa na mizani saba akatafuta neno la silabi moja la kuitimiza ya nane. Tunajua kwamba jambo hilo laweza kufanywa kwa ustadi, na laweza kufanywa vibaya hata msomaji akaliona kiraka. Kwa maoni yangu nyongeza hii ni halali, kwa sharti kwamba mwanamuziki akumbuke kuwa sasa amejiwekea bahari maalumu. Hawezi kubadili mwendo katikati kama apendavyo. Nimesoma maelezo ya maonyesho ambamo uhuru na nidhamu vinasifiwa kwa sentimita moja moja, kana kwamba vimepatikana vyote bila gharama. Arudhi haifanyi kazi hivyo, na sioni kwa nini mkongo wa baharini ufanye.

Mbinu nyingine ya watafiti haohao ni kuutumia mtandao kama jumba lenye mvumo. Tunajua sauti inavyobadilika katika kanisa kuu lenye dari ya juu. Hurudi kutoka ukutani, ikajirudia na kujichanganya. Njia za mtandao nazo zaweza kuirudisha sauti kwa tofauti ndogondogo za muda, sikio likasikia jumba ambalo halijajengwa popote. Chafe alikwisha kuligusa wazo hili mapema. Katika mradi wa SoundWIRE alitengeneza uzi wa kubuni, mithili ya uzi wa zeze, ambao urefu wake ni ile njia ya kwenda na kurudi kati ya kompyuta mbili. Mzunguko ukichukua milisekunde 5, uzi unatoa sauti ya mitetemo 200 kwa sekunde. Mtandao ukitulia, sauti imetulia. Mtandao ukiyumba, sauti inayumba. Mwaka 2001 Chafe na Greg Niemeyer waliweka katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya San Francisco kazi iitwayo Ping, ambamo muda wa kwenda na kurudi kwenye mtandao uligeuzwa kuwa sauti za kusikilizwa. Mtu aliingia akasikia umbali.

Naipenda kazi hiyo kwa sababu haidanganyi. Na hapa niseme kipimo changu cha uhakiki, ili msomaji apate pa kunishika. Kila ninaposikia habari za kazi ya muziki wa mbali, najiuliza: kama wanamuziki hawa wangekaa chumba kimoja, kazi ingepoteza nini? Kama haipotezi kitu, basi mtandao ulikuwa nauli tu. Uzi wa SoundWIRE ukiuweka katika chumba kimoja unakufa, maana hauna tena urefu.

Kwa kipimo hicho nazitazama kwa mashaka baadhi ya kazi zilizosifiwa sana. Mwaka 2008 wanamuziki wa Stanford na wa Chuo Kikuu cha Peking waliipiga pamoja, kupitia Pasifiki, kazi ya Terry Riley ya mwaka 1964 iitwayo In C. Kazi hiyo ina vifungu vifupi 53. Kila mpigaji hukirudia kifungu mara nyingi kadiri apendavyo kisha huendelea na kinachofuata, kwa hiyo wapigaji hawako pamoja hata wakiwa wamekaa bega kwa bega. Chaguo hilo ni la busara. Lakini ni busara ya mtu anayejenga nyumba juu ya kilima ambako mafuriko hayafiki. Ukawiaji unapata hifadhi ndani ya In C kwa kuwa kazi imekwisha kuwasamehe wote wanaochelewa, na hifadhi si sauti. Kazi iliandikwa miaka 44 kabla, chumbani, kwa ajili ya chumba. Siidharau safari ile, kwani kuvusha muziki wa kundi zima juu ya bahari hiyo halikuwa jambo dogo. Nasema tu kwamba kama onyesho la uwezo wa mtandao, lilifaulu. Kama hoja juu ya ukawiaji, lilikuwa na ufunguzi tu.

Kuna wanaokwenda kinyume kabisa, nao ni watumiaji wa NINJAM, programu iliyotolewa mwaka 2005 na Justin Frankel, yuleyule aliyeunda Winamp ambayo wengi wetu tuliitumia kusikilizia nyimbo. NINJAM haijaribu kuupunguza ukawiaji. Inauongeza mpaka utimie mzunguko mzima wa muziki. Tuseme mzunguko ni mapigo 16 kwa mwendo wa 120 kwa dakika: hizo ni sekunde 8. Kila mpigaji anayasikia yale ambayo wenzake waliyapiga sekunde 8 zilizopita, naye anapiga juu yake, na hayo yake yatasikiwa na wenzake katika mzunguko ujao. Kila sikio linasikia mapigo yakiwa yamepatana. Lakini nyimbo ni nyingi kuliko moja. Wapigaji wakiwa wanne, kuna nyimbo nne, kila moja mahali pake, na hakuna hata mmoja wao anayeusikia wimbo wa mwenziwe.

Kwa mwalimu wa fasihi simulizi, hapa pana karamu. Tunawafundisha wanafunzi kwamba ngano haina nakala halisi, kwamba kila utendaji ni tungo mpya kwa hadhira yake, kisha tunawapa mtihani kwa kutumia kitabu chenye ngano moja iliyogandishwa. NINJAM inalifanya fundisho letu kuwa jambo la kimaumbile: utendaji mmoja, hadhira nne, tungo nne, na zote za wakati uleule. Hata hivyo kipimo changu kinaipa alama nusu. Ukawiaji wa mzunguko mzima unataka muziki usiobadilika sana; ukibadili ufuatano wa sauti leo, wenzako wataupata kesho, na kesho wewe umekwisha hama. Ndiyo maana vikundi vingi huishia katika mduara uleule wa sauti tatu nne, ukirudiwa hadi watu wachoke. Ni tarbia yenye kibwagizo kizuri na beti zinazosema jambo moja.

Kazi ninayoiweka juu ya zote haikutumia intaneti. Pauline Oliveros, mtunzi wa Marekani na mpigaji wa kodiani aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 2016, alianza katika miaka ya 1980 kufanya maonyesho aliyoyaita Echoes from the Moon. Kwa msaada wa wapenzi wa redio wenye antena kubwa, sauti zilirushwa hadi mwezini, zikagonga uso wake, zikarudi. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka hapa, na mawimbi ya redio huchukua takriban sekunde mbili na nusu kwenda na kurudi. Wasikilizaji nao walipewa nafasi ya kuzituma sauti zao na kuzingoja. Hebu tufikirie: unasema neno moja, unanyamaza, na baada ya kitambo linakurudia neno lako, limechakaa, limefifia, likiwa limetoka mahali ambapo hujafika. Sekunde mbili na nusu hizo hazikuwa kasoro ya mitambo wala kanuni iliyotungwa. Ndizo zilizokuwa maudhui. Mtu anayeuliza kama Oliveros angeweza kuupunguza ukawiaji huo hajaielewa kazi. Ni kama kuuliza kama tenzi za kilio zingeweza kufupishwa ili watu wasilie sana.

Sisi wa Kiswahili, katika jambo hili, si wageni waliokaribishwa dakika za mwisho. Washairi wa Mombasa na Lamu katika zama za Muyaka bin Haji walijibizana kwa mashairi yaliyovuka maji, na jibu lilikuja chombo kilipokuja. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, liliwapa washairi uwanja wa kuulizana na kujibizana kutoka toleo hata toleo. Ukawiaji wa mwezi mzima uliumba fani: anayejibu alikuwa na muda wa kuupima utungo wa mwenziwe na kumrudishia kwa hoja iliyopikwa ikaiva. Nakubali kwamba mfano huu una mpaka wake. Katika majibizano kila mshairi humaliza kabla mwenziwe hajaanza, ilhali katika muziki wa mtandao wote wawili wamo ndani ya kazi moja kwa wakati mmoja. Lakini msingi ni mmoja, kwamba umbali huzaa namna ya kusema ambayo ukaribu usingeizaa.

Nije sasa kwenye deni langu. Machi 2020 vyuo vya Uganda vilipofungwa, wanafunzi walirudi makwao, nasi tukaambiwa tuendelee kadiri tuwezavyo kwa mtandao. Nilikuwa na darasa la ushairi, wanafunzi 14 waliopata mtandao wa kuaminika kiasi, na katika kipengele cha utendaji niliwataka waghani tarbia kwa pamoja: kiongozi aseme beti, wote waitikie kibwagizo. Matokeo yalikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Nikawahimiza waongeze kasi. Wakaongeza, ikawa mvua na upepo. Nikapunguza kundi, nikawataka waitikie wanne wanne, nami nikakaa na karatasi yangu nikitoa alama. Kipengele kimoja kilikuwa "kufuata mapigo ya pamoja". Mwanafunzi mmoja aliyekuwa Arua nilimpa alama 3 kati ya 10 katika kipengele hicho, kwa kuwa kila mara sauti yake ilikuja wenzake wakiwa wamekwisha nyamaza. Nilipomwonya aliniambia kwa upole, "Mwalimu, mimi huku nawafuata kabisa. Nikisikia kiongozi amemaliza, naanza. Ninyi ndio mnaoanza mapema."

Nilidhani ni ubishi. Sasa najua kwamba alikuwa amesema jambo lililo sahihi kwa kipimo cha saa. Kiongozi alikuwa Kampala pamoja nami. Sauti yake iliondoka, ikakawia hadi Arua. Kijana akaitikia palepale. Sauti yake ikakawia tena hadi Kampala. Kwake hapakuwa na pengo hata la kupitisha sindano. Kwangu palikuwa na mapengo mawili yaliyounganishwa, na yote mawili nikayaandika katika jina lake. Nilikuwa nimesahihisha mkongo, mnara wa simu na milima iliyo kati yetu, nikampa mwanafunzi matokeo.

Kulikuwa na dhuluma ya pili ambayo niliijua baadaye. Programu nyingi za mikutano zimeundwa kwa ajili ya mazungumzo ya ofisini, ambako mtu mmoja husema na wengine husikiliza. Zinaposikia sauti mbili kwa pamoja, huiona moja kuwa kelele na kuipunguza au kuikata. Kwa hiyo hata wale waliokuwa wanaitikia vizuri walikuwa wananyamazishwa, na kwa kawaida aliyesikika kwanza ndiye aliyeshinda. Aliyesikika kwanza ni mwenye mtandao bora. Katika darasa langu huyo alikuwa yuleyule kila wiki.

Ilifaa pia nikumbuke historia yetu wenyewe. Kabla ya mikongo ya baharini kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, vyuo vyetu vilitegemea setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka tu kulichukua karibu robo ya sekunde, na jibu robo nyingine. Tulikuwa tukipigiana "haloo, haloo" na kugongana maneno, tukilalamika. Lakini nusu sekunde hiyo, kwa hesabu niliyoitoa juu, ni pigo moja la mwendo wa 120! Sehemu hiyo ya ukawiaji iliyotokana na umbali wa setilaiti haikubadilika. Kilichoyumba ni msongamano wa chuo kizima kujibanza katika njia nyembamba. Mwanamuziki angependelea ukawiaji mrefu uliotulia kuliko mfupi unaorukaruka. Huu wa sasa wa simu za mkononi ni mfupi mara nyingi, ila hauna utulivu, na sikio haliwezi kujifunza mapigo ya mtu anayebadili mwendo kila baada ya neno.

Baada ya kuyasoma hayo niliamua kulirudia zoezi, safari hii na wanafunzi wetu wa elimu masafa. Kiongozi alikaa Kampala na waitikiaji sita wakakaa pamoja Mbale, wakitumia kompyuta moja. Tulizima kile kipengele cha kukata sauti ya pili. Kwanza tulipima: kofi moja Kampala, kofi la kujibu Mbale, na safari nzima ikawa karibu milisekunde 800, ambazo ni nyingi. Kisha tukaweka kanuni. Waitikiaji waanze kibwagizo mara wanapousikia mwisho wa ubeti. Kiongozi asingoje kibwagizo kiishe; aanze ubeti unaofuata mara anaposikia silabi ya kwanza ya kibwagizo.

Kampala ilisikika hivi: ubeti unakwisha, panakuwa kimya karibu sekunde nzima, kisha kibwagizo na ubeti mpya vinaingia pamoja, kimoja juu ya kingine. Mbale ilisikika tofauti: kibwagizo kinaurukia ubeti bila pengo, na kikiwa njiani kiongozi anaingia katikati yake kama mtu anayejiunga na mazungumzo barazani. Shairi moja, wasomaji walewale, lakini Kampala lilikuwa la kutafakari na Mbale lilikuwa la mashindano. Kile kimya cha Kampala sikukitunga mimi wala hakukitunga mshairi. Nilikipenda kuliko chochote nilichokisikia darasani mwaka ule.

Mwenzangu wa idara aliyesikiliza rekodi zote mbili aliuliza ipi ndiyo ihifadhiwe. Swali zuri. Wakati wa ugonjwa dunia ilijaa kwaya za mtandaoni, ambamo kila mwimbaji alijirekodi peke yake na fundi akazibandika sauti pamoja. Mtindo ambao Eric Whitacre aliupa umaarufu mwaka 2010 kwa waimbaji 185 kutoka nchi 12. Zile kwaya zina rekodi moja kwa kuwa hapakuwa na kusikilizana. Hakuna aliyemngoja mwenziwe, na hakuna aliyemwingilia. Ni kazi ya uhariri, mara nyingine nzuri sana, lakini siiti utendaji. Zoezi letu lilikuwa na rekodi mbili kwa sababu palikuwa na watu wawili pande mbili waliosikia. Tulizihifadhi zote, kila moja na jina la mji wake.

Nina wazo jingine ambalo nawaachia wanafunzi wa hapa Uganda walio karibu na wapigaji wa amadinda. Katika marimba hayo ya Buganda wapigaji hukaa pande mbili za ala moja, mmoja akiweka noti zake katika nafasi zilizoachwa na mwenziwe, kwa kasi ambayo noti za pamoja hufikia 500 au zaidi kwa dakika. Ukawiaji wa milisekunde 60 tu unatosha kuugonga mchi juu ya mchi. Lakini ukawiaji uongezwe mpaka utimie nafasi mbili kamili za noti, ambazo kwa mwendo wa 500 ni milisekunde 240: noti zitaendelea kupishana, ila kila noti itakutana na jirani mpya, na zile tuni zinazochomoza kutokana na mpishano zitakuwa tofauti katika kila mji. Wapigaji wawili, michi ileile, nyimbo mbili ambazo hakuna aliyezitunga. Ninaamini wazee wangecheka, kisha wangetaka kujua nani alikosea.

Kuhusu yule kijana wa Arua, alama zilikwisha pita seneti na yeye amekwisha hitimu. Nilimpigia simu nikamweleza. Mwaka huu, katika karatasi ya alama za utendaji wa mtandaoni, nimekifuta kipengele cha "kufuata mapigo ya pamoja" na badala yake nimeweka "kumsikiliza mwenzio", alama zilezile 10. Wenzangu wawili wamepinga kwa hoja kwamba kusikiliza hakupimiki. Suala limo katika ajenda ya kikao kijacho cha idara, na walimu wa shule za sekondari wanaofundisha ushairi kwa mtandao wanaombwa kuleta rekodi zao, za pande zote mbili kama zipo.